Jiwe la Bi Sikudhani na Mjinga wa Serikali

Naandika haya kwa sababu watu wa nchi jirani wameanza kutucheka, na mimi kama raia mwema sipendi kuona nchi yangu inachekwa na watu ambao na wao wana yao. Nimekaa miaka ishirini na miwili mbele ya lango la Wizara ya Mipaka, Mawe na Heshima, na meza yangu, chupa ya wino na mwavuli, nikiwaandikia wananchi barua za maombi. Kwa hiyo nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu, na pale ambapo sikuona, nilikuwa nimeinama naandika.

Kwanza myajue mawe yetu. Kwetu shamba halina hati ya karatasi. Shamba lina jiwe. Ni jiwe jeusi, kimo chake kama mbuzi aliyesimama. Juu limechongwa mwezi, jua, nyota, nge, nyoka na kobe, na chini yake kuna mistari ya maandishi madogo madogo yanayoeleza shamba ni la nani, alipewa na mfalme gani, kwa sababu gani, na nani alishuhudia. Wataalamu wa kigeni wanasema Wababeli wa kale nao walikuwa na mawe ya namna hii. Wizara yetu imeshatoa tamko kwamba Wababeli walituiga sisi, na barua ya kuwataka waombe radhi iko tayari tangu mwaka juzi. Imekwama kwenye anwani tu.

Sheria ya mawe ni moja, na kila mwanafunzi anaijua: penye jiwe ndipo penye mpaka. Si penye mti, si penye mtaro, si pale babu yako alipokuwa anaanikia mihogo. Jiwe likiwa hapa, mpaka uko hapa. Na shamba lisilo na jiwe ni la Serikali.

Ili mtu asishawishike kulisogeza, kila jiwe lina laana zake upande wa chini. Atakayeliondoa huku akijua, tumbo lake lijae maji, ngozi yake iote ukoma, konde lake lizae magugu badala ya nafaka, na azurure nje ya mji kama punda asiye na mwenyewe. Wala hayo si maneno ya kutishia watoto. Waziri aliyetangulia alisogeza jiwe la jirani yake hatua tatu, na mpaka leo wasafiri humwona nje ya mji, karibu na machimbo ya mchanga, akinusa nyasi. Wizara inasema yuko likizo.

Lakini wazee wetu walikuwa watu wa haki. Wakaongeza kifungu kwamba mjinga asiyejua alitendalo, laana imwache. Hicho ndicho kifungu kilichotuletea haya yote.

*

Bi Sikudhani binti Mwalami ni mjane wa miaka sitini na kitu, na shamba lake liko pembeni mwa mji, penye chemchemi. Analima kunde. Jiwe lake linasema shamba hilo alipewa bibi yake mzaa bibi na Mfalme wa wakati huo, baada ya Mfalme kukwamwa na mwiba wa samaki kooni. Jiwe linaeleza kwamba waganga wa kasri waliketi kamati kujadili ni nani mwenye mamlaka ya kumpiga Mfalme mgongoni, na kikao kikaahirishwa mara mbili. Yule bibi alikuwa jikoni. Akatoka na mkono wenye unga, akampiga Mfalme konde moja la mgongo, mwiba ukatoka. Mashahidi wa tukio hilo wametajwa kwa majina, na wote ni wanakamati.

Sasa, Waziri wetu wa Mipaka, Mheshimiwa Doto Kibwana, alikuwa amepewa zawadi ya mabata arobaini na rais wa nchi rafiki. Mabata wale walikuwa weupe, na walikuja na pasipoti. Mheshimiwa akatuhutubia pale langoni, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kwa sababu meza yangu haihamishiki.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa lolote hupimwa kwa jinsi linavyowatunza mabata wake. Bata bila bwawa ni kuku aliyeonewa. Kwa hiyo Serikali yenu sikivu imeamua kujenga Bwawa la Taifa la Mabata, na wataalamu wametafuta nchi nzima, kwa gharama na kwa jasho, wakagundua kwamba maji yanapatikana penye maji."

Tulipiga makofi. Baadaye tukaelewa kwamba penye maji ni kwa Bi Sikudhani.

Jiwe lake lilisimama upande wa shamba unaotazama mji. Mpango ulikuwa lisukumwe kuvuka shamba lote mpaka ukingo wa korongo kule nyuma, ili shamba libaki upana wa mkeka. Kilichokosekana ni mtu wa kulisukuma, maana hakuna afisa aliyekuwa tayari kwenda kunusa nyasi. Wiki hiyo hiyo tangazo likabandikwa langoni, na ni mimi niliyelinakili kwa mwandiko mzuri:

"Nafasi ya kazi: Mjinga wa Serikali, Daraja la Pili. Mwombaji awe raia, awe na nguvu za kusukuma jiwe, na asijue kitu. Wenye shahada ya uzamili watapewa kipaumbele."

*

Walikuja waombaji mia nne. Usaili ulifanyika uwanjani, na jopo lilikuwa kali. Waliokuja na barua ya mjomba aliye ofisi kubwa waliondolewa mapema, kwa sababu hiyo ni dalili ya akili. Mmoja aliulizwa mbili na mbili ni ngapi, akajibu tisa, lakini kabla ya kujibu aliwatazama wajumbe usoni kuona wangependa ngapi. Huyo naye aliondolewa, na nasikia sasa ni mkuu wa wilaya.

Ndipo akaingia Shomari Pazi, mpakuzi wa magunia kwenye soko la nafaka, mtu wa miaka arobaini, mabega kama mlango. Kusoma hajui. Alikuwa amesikia kuna kazi ya kusukuma jiwe.

"Ukiokota mkoba wa Waziri barabarani utafanya nini?" mwenyekiti wa jopo alimuuliza.

"Nitampelekea."

"Mkoba wenyewe tu?"

"Na vilivyomo."

Wajumbe wakatazamana.

"Ukikuta foleni ndefu, utafanya nini?"

"Nitasimama nyuma ya wa mwisho."

"Na kama karani wa dirishani ni shemeji yako?"

"Hapo ndiyo kabisa, mzee. Nisije nikamponza kwa wakubwa wake."

"Ukipewa gari la ofisi?"

"Siku ya Ijumaa jioni nalirudisha."

Mwenyekiti alitoa leso akajifuta macho. Akasema amefanya usaili miaka thelathini na hajapata kuona ujinga safi namna ile, hauna hata doa. Shomari akapewa kazi papo hapo, na cheti chenye muhuri: *Huyu ni mjinga. Serikali imethibitisha.* Alikikunja akakitia kwenye mfuko wa shati, akawashukuru mmoja mmoja.

*

Mambo yangeishia hapo kama Wizara isingekuwa na Bwana Ubwa, Katibu Mkuu, mtu mwenye tabia mbaya ya kusoma maandishi mpaka mwisho. Alikwenda kulikagua jiwe, akainama, akasoma mstari wa chini kabisa ambao nyasi zilikuwa zimeufunika. Alirudi mbio mpaka kofia ikaanguka mbele ya meza yangu, wala hakurudi kuiokota.

Mstari ulisema: "Na yeyote atakayemtuma mjinga, au kiziwi, au kipofu, ili yeye ajifiche nyuma yake, laana hii ni yake mara mbili."

"Mstari huo umeandikwa lini?" Mheshimiwa aliuliza. Dirisha lake liko juu ya mwavuli wangu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Miaka mia moja na themanini iliyopita, Mheshimiwa."

"Na kwa nini sikujulishwa?"

Halafu nikasikia kiti kikisogezwa, na Mheshimiwa akaanza kuzungumza kwa ile sauti yake ya kufungulia mikutano. "Mjinga hapatwi na laana," alisema. "Anayemtuma mjinga anapatwa. Basi jawabu ni jepesi. Anayemtuma naye awe mjinga."

Nilisikia makofi humo ndani, na mimi nilipiga kidogo huku nje.

Jopo la usaili likaitwa tena. Mheshimiwa akapewa cheti cha mjinga, pamoja na Bwana Ubwa, na karani aliyeichapa amri, na dereva aliyeipeleka. Usaili haukufanyika. Fomu ilisema wamesamehewa mtihani kwa kuzingatia uzoefu wao kazini. Mheshimiwa hakuridhika na Daraja la Pili, akaomba la Kwanza, akapewa, na picha akapigwa akiwa amevaa joho.

Mnawajua watu wetu. Mkubwa akiwa na kitu, kila mtu anakitaka. Kufikia Alhamisi, Baraza zima la Mawaziri lilikuwa na vyeti, na wakuu wa idara wakapanga foleni mezani kwangu niwajazie fomu. Penye swali la "Je, unajua unachofanya?" wote walinielekeza niandike "Hapana". Mkono uliniuma siku mbili.

*

Asubuhi ya kazi tulikusanyika shambani. Kunde zilikuwa zimeanza kubeba, maganda mabichi marefu, wiki mbili tatu zikauke zivunwe. Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kuketi kando ya jiwe, juu ya kigoda, na kanga ya pili kichwani.

"Shikamoo, mama," Shomari alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyetumwa?"

"Ndiyo mimi."

"Unajua kusoma?"

"Sijui, mama."

"Basi subiri nikusomee, ujue unachokishika."

Maafisa wote walipiga kelele kwa pamoja. Mjinga akisomewa atajua, na akijua si mjinga tena. Mshauri wa Sheria alimrukia Shomari na pamba mkononi, wakamziba masikio, wakapaka nta juu yake, kisha wakamfunga kitambaa machoni ili asije akaiona sura ya yule nge akapata wazo. Lakini kabla hawajamziba sikio la pili, Bwana Ubwa alimpa maagizo yake, na kwa haki ya Mungu yalikuwa maagizo mazuri: "Mtumishi haanzi kazi bila kutoa heshima. Kwanza geuka, umwinamie Mheshimiwa. Halafu shika jiwe, sukuma mbele moja kwa moja, usisimame mpaka likatae kwenda."

Mheshimiwa alikuwa amesimama barabarani, upande wa mji, kwa sababu shambani kulikuwa na tope na viatu vyake vilikuwa vipya. Shomari akageuka kumwelekea. Akainama vizuri sana, mpaka chini. Akapapasa jiwe, akalilaza, akaanza kulibingirisha mbele moja kwa moja. Mheshimiwa aliruka pembeni.

Naomba hapa wasomaji wasiwe wepesi wa kulaumu. Watu wanauliza, kwa nini hamkumzuia? Tungemzuiaje? Kumwita, hasikii. Kumshika, Mshauri wa Sheria alisema anayemgusa mtu anayesukuma jiwe naye anasukuma jiwe. Na afisa yeyote ambaye angetamka "Si huko" angekuwa ameonyesha kwamba anajua ni wapi, na cheti chake kingebatilika hapo hapo. Kwa hiyo Serikali nzima ilimfuata nyuma, mikono mgongoni, ikitazama mawingu.

Tena barabara yenyewe ilimsaidia. Ni ile inayotoka chemchemi, iliyojengwa kwa ajili ya kupeleka maji kwa mabata. Ndiyo barabara pekee katika nchi yetu isiyo na shimo wala kona, na inaishia mlangoni kwa Mheshimiwa.

*

Penye jiwe ndipo penye mpaka. Saa tatu asubuhi soko la nyanya lilikuwa ndani ya shamba la Bi Sikudhani. Saa tano kituo cha polisi kikaingia, na mahabusu mmoja akauliza kama ni halali mtu kufungiwa kwenye shamba la kunde. Mkuu wa kituo alifikiri sana, kisha akamfungulia. Adhuhuri jiwe lilipita mbele ya Wizara, na mimi na meza yangu tukawa wapangaji wa Bi Sikudhani. Nilisimama nikamwamkia alipopita, maana yeye naye alikuwa akilifuata jiwe lake, kigoda mkononi, amekasirika.

"Hongera, mama," nilimwambia. "Sasa Wizara ni yako."

"Wizara haioti kunde," alinijibu, akaendelea na safari.

Baada ya alasiri jiwe likaingia lango la Mheshimiwa. Walinzi walipiga saluti, kwa sababu nyuma yake waliona mawaziri kumi na wanne. Likapanda ngazi tatu, Shomari akihema, likaingia sebuleni, na pale katikati likazama kwenye zulia nene lililoletwa kwa ndege, likakataa kwenda. Shomari akafungua kitambaa, akachokoa nta, akatazama makochi na mabata na mke wa Waziri aliyekuwa akinywa chai.

"Samahani, mama," alimwambia. "Hapa panatosha?"

*

Msidhani Bi Sikudhani alifurahi. Kesho yake alikuja mezani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Mheshimiwa alikuwa ameamka mapema. Alikuwa ametia saini amri mbili. Ya kwanza ilisema kwamba mpaka umeingia utata, na ardhi yenye utata hushikiliwa na Serikali mpaka shauri liishe. Askari wakazungushia shamba la kunde seng'enge, na chemchemi ikafungwa kufuli, jambo ambalo sikujua linawezekana. Shauri la ardhi kwetu huchukua miaka thelathini likienda haraka. Ya pili ilikuwa ombi kwa mahakama kwamba lile jiwe limevunja nyumba ya mtu, limeonyesha tabia ya uzururaji, na lipelekwe makumbusho likahifadhiwe.

"Wewe mwanangu umekaa hapa siku nyingi," Bi Sikudhani aliniambia. "Mawe mangapi umeyaona yakienda makumbusho?"

"Kumi na saba, mama."

"Yaliyorudi?"

Nilianza kusafisha kalamu. Yeye akanisubiri.

"Hakuna," nikasema.

"Na mashamba yake?"

Hilo halikuhitaji jibu. Shamba lisilo na jiwe ni la Serikali, na yale kumi na saba sasa yana nyumba nzuri sana. Bi Sikudhani akajifunga kanga yake upya. "Naogopa," alisema. "Sijawahi kuogopa maishani mwangu, nimezika mume na watoto wawili, lakini hili naliogopa. Nikifa bila shamba lile, nitamwambia nini bibi yangu?"

Mimi ni mtu wa Serikali kwa moyo wangu wote, lakini siku ile niliona haya, na nasema wazi kwamba niliona haya. Zile fomu za vyeti nilizijaza mimi. Nikachukua karatasi mpya nikamwandikia ombi lake la utetezi bila kumtoza. Nilitaka kuandika kurasa sita, na hoja na aya. Alinikataza. Alitaka nafasi ya kumuuliza Waziri swali moja tu, basi.

*

Kwa kuwa jiwe ndilo mshtakiwa, na hakuna aliyethubutu kulitoa zuliani, mahakama ilikaa sebuleni kwa Mheshimiwa. Jaji alikuwa Bi Mashavu Kheri, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, aliyepelekwa kwenye mashauri ya mawe kama adhabu kwa sababu ya kawaida yake ya kuuliza. Alipewa kochi kubwa. Bata mmoja alipanda akakaa karibu naye, na karani alipotaka kumfukuza, Jaji akasema amwache, yeye ndiye mlalamikaji halisi.

Shomari alihojiwa kwanza.

"Nani alikutuma ulisukume jiwe hili?"

"Mheshimiwa huyu hapa. Amri aliisoma Bwana Ubwa, saini ni ya Mheshimiwa."

"Alikuambia ni kwa ajili gani?"

"Waliniziba masikio nisijue, mheshimiwa Jaji. Nilidhani ni kwa sababu ya vumbi."

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anachekesha. Kisha Bi Sikudhani akaitwa. Alisimama kando ya jiwe lake, mkono mmoja juu ya kobe, akamgeukia Waziri.

"Baba," alisema, "siku ile ulipotia saini, ulikuwa mjinga au ulikuwa unajua?"

Mke wa Waziri aliweka kikombe chini.

Mheshimiwa alisimama akafunga kifungo cha koti. "Swali hili ni zito na lina historia ndefu," alianza. "Serikali yetu imekuwa ikitambua umuhimu wa kujua, na vilevile umuhimu wa kutojua, katika mazingira ya sasa ya..."

"Mheshimiwa," Jaji alimkatiza, "mama amekupa mawili tu."

"Nilikuwa katika hali ya ujuzi wa wastani."

Jaji aliinama, akasogeza miwani, akasoma jiwe juu mpaka chini bila haraka. Alipofika kwenye ngozi na ukoma, Mheshimiwa alijikuna shingo. Alipofika kwenye punda, aliacha kujikuna. "Jiwe halina wastani," Jaji akasema. "Kama ulijua, laana zote hizi ni zako mara mbili, na zinaanza ukishatamka. Mahakama haina mamlaka ya kuzizuia. Kama hukujua, sema."

Kutoka pale nilipokaa niliona jasho likimtoka Mheshimiwa Doto Kibwana chini ya masikio. Alitazama dirishani, kule mbali kulikokuwa na nyasi. Kisha akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa cheti chake, chenye muhuri na utepe, akakiinua juu ili watu wote wakione.

"Mimi ni mjinga," alisema. "Daraja la Kwanza."

"Mahakama inapokea," Jaji akajibu, akaandika. "Na sheria ya nchi hii inasema saini ya mjinga si saini. Amri ya kusogeza jiwe haikuwahi kuwepo. Amri ya seng'enge haikuwahi kuwepo. Ombi la makumbusho halina mwombaji. Jiwe lirudi lilipokuwa, na shamba ni la mama huyu kama lilivyokuwa la bibi yake."

Bi Sikudhani alikaa chini juu ya zulia la Waziri na kulia. Shomari alikwenda akachuchumaa kando yake, hakujua afanye nini, akampigapiga mgongoni kama mtu aliyekwamwa na mwiba.

*

Likabaki suala la nani alirudishe. Shomari akasema atalirudisha yeye, ila safari hii asomewe kwanza. Bi Sikudhani akamsomea jiwe lote, mfalme na mwiba na unga na laana. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maana ya neno moja, akasema, "Basi ni kweli si langu kulichezea," akalibingirisha mpaka shambani macho wazi. Kila lilipopita, watu walirudishiwa vyao. Wizara ilirudi kwa Serikali alasiri, na tulikuwa tumeanza kuzoea.

Kwa kuwa sasa alikuwa amesomewa, Wizara ilimfutia cheti chake. Ndiye mtumishi pekee aliyefukuzwa kazi katika mkasa huu wote, na barua yake niliiandika mimi: kosa, kujua. Siku hizi analima kunde na Bi Sikudhani, na jioni mama anamfundisha kusoma.

Wengine vyeti vyao wanavyo. Wamejaribu kuvifuta, lakini anayetaka kufuta lazima aandike tarehe aliyoanza kujua, na hakuna aliye tayari kuijaza sehemu hiyo. Kwa hiyo tangu wakati huo Baraza la Mawaziri haliwezi kutia saini jambo lolote. Ni mwezi wa nane sasa. Mashimo ya barabarani yamezibwa na wananchi wenyewe, soko linafunguliwa na wauzaji, na mabata wanaogelea kwenye bafu la Mheshimiwa. Sijui kama mambo haya yana uhusiano, siasa siifahamu.

Baada ya mavuno Bi Sikudhani alimwita mchongaji. Alitaka mstari mmoja uongezwe kwenye jiwe, chini ya ukoma, chini ya tumbo la maji, chini ya punda. Nilikwenda kumsaidia kuuandika kwanza kwa wino, ili mchongaji afuate. Ulikuwa mfupi: "Na atakayeliondoa jiwe hili aulizwe, mbele ya watu, kama alikuwa anajua."

Majirani walipoona, wote walitaka mstari huo. Mchongaji hapati nafasi ya kula. Na maafisa wa Wizara, ambao zamani walikuwa wakipita mashambani na kamba za kupimia, sasa wakiona jiwe jeusi wanavuka upande wa pili wa barabara. Mmoja wao nilimwuliza kulikoni, mbona ukoma hawakuuogopa hivi. Akaniambia ukoma una dawa.